Silabi Isiyoridhisha

Machi 3

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Musoma, walio nchi kavu na walio ziwani, kwamba leo saa nne asubuhi kitambulisho kipya cha mwanafunzi Dafroza, mwenye umri wa miaka hamsini na ushee, kimetoka. Katika picha mwenye kitambulisho amefumba jicho moja. Wananchi wanaombwa kuwa watulivu na kuendelea na shughuli za ujenzi wa taifa.

Grace, binti yangu aliye kidato cha sita, amekiangalia kwa makini, akasema: "Mama, unafanana na mtu aliyekamatwa na nyavu haramu."

Baba yake, Gody, hutengeneza injini za mitumbwi, na tangu nianze masomo haya ya uzamivu hajapata sababu nyingine ya kucheka iliyo bora zaidi. "Uzamivu si ndiyo kuzama? Mimi waliozama nawajua. Hakuna hata mmoja aliyepewa cheti."

Shajara hii si wazo langu. Dk. Naomi, msimamizi wangu, ameagiza wanafunzi wake wote tuandike mpaka siku ya tathmini ya maendeleo, mwezi wa nne. "Andika chochote, Mwalimu, isipokuwa nadharia." Ni mdogo kwangu kiasi kwamba ningeweza kumfundisha kidato cha pili. Nikimwita Daktari, yeye ndiye anayeona haya.

Machi 5

Kwa kuwa huenda shajara hii ikasomwa na mtu asiyenijua, nijieleze. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari hapa Musoma. Tasnifu yangu inahusu silabi moja. Watu wazima hutafiti malaria, dhahabu ya Buhemba, kupungua kwa sato. Mimi natafiti -ga.

Ni ile ya "naendaga", "anakujaga", "tulikuwaga", na ukikataa, "siendagi". Mkoa huu wote tunaisema, tumeitoa kwenye lugha za nyumbani, na vitabu vya sarufi vinaipita kama vile mtu anavyompita mlevi wa ukoo wake. Hata muhogo wetu tukiukausha unaitwa udaga. Sisemi kwamba hilo ni ushahidi. Nasema tu.

Kila mwaka mwanafunzi wa uzamivu hukaa mbele ya jopo, kule chuoni Bunda, wakampima kama ameendelea. Mwaka jana waliniandikia "Hairidhishi". Sharti lilikuwa moja: kichwa cha tasnifu kibadilike kutoka "Matumizi ya -ga" kwenda "Makosa ya -ga". "Hairidhishi" mbili zikifuatana, jina linafutwa.

Mwenyekiti wa jopo ni Profesa Nyamhanga. Ana kanuni yake: kila kilichoandikwa kwenye fomu anakisoma kwa sauti, neno kwa neno, ndipo kiingie kwenye kumbukumbu. "Kisichosomwa hakijaandikwa," ndivyo anavyosema. Mwaka jana kwenye sehemu ya maelezo ya mwanafunzi nilijaza kurasa mbili. Alizisoma zote, kama somo la Ijumaa Kuu, huku Dk. Alfonce, mjumbe wa pili, akisinzia kwa heshima.

Nyumbani ripoti yangu ilipokelewa vizuri. Grace aliuliza nani anasaini kama mzazi.

Machi 9

Mvua. Mahindi ya jirani yamelala chini. Yangu hayajalala kwa sababu hayajaota.

Machi 14

Insha arobaini na mbili za kidato cha pili, "Siku Nisiyoisahau". Mtoto mmoja kaandika: "Bibi yangu alikuwaga ananisubiri mlangoni." Mchana napaswa kuizungushia wino mwekundu, jioni naikusanya kama lulu. Nimeizungushia, halafu pembeni nimeandika: "Bibi yupo bado?" Mkuu wa shule akikagua atajua nimezeeka.

Machi 22, Butiama

Nimekuja kwa mama mkwe. Bi Wankyo ndiye niliyemrekodi zaidi kuliko mtu mwingine yeyote. Akianza kusimulia ng'ombe wa baba yake, -ga zinashuka kama mvua hii, bila kuombwa.

Nilimkuta anapalilia mihogo, haangalii barabara, lakini akasema: "Mama Grace, viatu hivyo vya mjini vitaniharibia shamba."

Siku ya kwanza kumrekodi, miaka mitatu iliyopita, nilimsomea ile karatasi ya ridhaa. Haki zake, faragha yake, anaweza kujitoa wakati wowote. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu ambalo halikuwemo.

"Hamtaendaga kunicheka huko?"

Nikamwambia: hapana, mama.

Leo nimemweleza habari ya jopo. Sikutaka, ila yeye humtoa mtu maneno kama anavyotoa miba. Akaegemea jembe.

"Kwa hiyo wanataka uandike kwamba nilikosea kuongea."

"Wanataka kichwa tu kibadilike, mama."

"Kichwa." Akarudi kwenye mihogo. "Mimi nikiongeaga, ng'ombe wananielewaga. Hao wasomi wako wana shida gani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Aprili 2

Mvua. Simu ya kurekodia imeingia maji kidogo. Gody ameiweka kwenye gunia la mchele kama anavyofanya na vifaa vya injini. Nimemwomba asiipake grisi.

Aprili 11

Dk. Naomi amekuja Musoma kwa shughuli zake, akaniita kwenye hoteli karibu na stendi. Aliagiza chai, hakuegemea kiti.

"Mwalimu, neno moja tu. Matumizi, makosa. Yote yanaanza na ma."

"Hata mauti na mandazi, Daktari."

Alitabasamu kidogo, halafu akakumbuka kilichomleta. "Ndani ya tasnifu uandike unachotaka. Juu waachie. Ukishapata shahada, utachapisha kwa kichwa chako mwenyewe. Watu hufanya hivyo."

"Na waliorekodiwa?"

"Hawatasoma tasnifu."

"Mama mkwe wangu atauliza."

"Mwambie kichwa chako kimepita." Akakizungusha kikombe. "Kuna watu waliofutwa wakiwa na haki, Mwalimu. Haki haikuwarudisha. Mimi ukifutwa nitapewa mwanafunzi mwingine. Wewe utapewa nini?"

Nililipa chai yangu nikaondoka. Nimetembea kwa miguu hadi nyumbani kwenye manyunyu, nikihutubia. Mwenye bajaji alisimama akaniuliza kama niko salama.

Aprili 12

Msimamizi wangu ni mwoga. Nimeliandika ili nilione. Naona liko sawa.

Aprili 13

Bado liko sawa.

Aprili 19

Tathmini imeahirishwa hadi katikati ya Mei kwa sababu maji yamepita juu ya barabara. Katika mkoa huu hata maendeleo hungoja mvua ikatike. Nimepewa muda wa kutafakari, nami nimeutumia kununua daftari jipya.

Aprili 27

Profesa Nyamhanga alikuwa redioni leo akizungumzia Kiswahili fasaha. Sauti nzuri sana, kama kengele ya misheni. Alisema lugha isipolindwa huoza kutoka pembezoni. Pembezoni ndiyo sisi. Na yeye mwenyewe ni wa kijiji cha huku huku, upande wa Bunda. Watu wa kwao wanamjua. Nilimsikiliza kipindi chote na kalamu mkononi, nikingoja -ga moja imponyoke. Haikumponyoka. Nikaona nina mbele yangu jiwe, tena la kwetu, na mawe ya kwetu mnayajua, hayasogei.

Mei 4

Leo tasnifu yangu imepata uti wa mgongo, mezani, kwenye ugali wa muhogo na dagaa.

Nilikuwa namfafanulia Grace kwa nini kitabuni mazoea ni hu-. "Kwa mfano," nikasema, "Baba yako huenda kanisani."

Grace akamtazama baba yake. "Huenda ya labda, au huenda ya kila mara?"

"Zote mbili," akasema Gody, akichukua dagaa.

Nikaacha kula. Sema "huenda", msikilizaji hajui ni mimi, ni wewe, ni yule, wala hajui kama ni leo au enzi za babu. Hu- inakula mtu na wakati wake kwa pamoja. Lakini "naendaga", mimi nipo. "Tulikuwaga", sisi tupo, tena pale pale zamani tulipokuwa. Silabi inayoitwa kosa ndiyo inayotunza mtu ndani ya mazoea yake. Na Bi Wankyo akisimulia, hakuna ng'ombe asiye na mwenyewe.

Nimeandika mpaka mkono ukauma. Gody anadai jina lake liwekwe kwenye shukrani, na dagaa pia.

Mei 10

Mvua zimepungua. Kumbikumbi kila mahali. Nimekula wengi kuliko inavyofaa kwa mwanafunzi wa uzamivu.

Mei 15, Bunda

Kesho ndiyo siku. Nimefikia nyumba ya wageni iliyo chini ya mlima. Jioni Dk. Naomi alinipitia tufanye mazoezi. Nikasoma, akasikiliza, akarekebisha mahali pawili, na mahali pa "hu- inakula mtu" akaniomba nirudie. Hakutaja kichwa.

Mwishoni akasema, akifunga mkoba: "Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Anayesaini kuuongeza ni Profesa. Nakuambia ili baadaye usiseme ulifichwa. Sikuambii ili ubadilishe."

"Kwa nini hukuniambia siku ile ya chai?"

"Ungebadilisha kwa ajili yangu. Nilitaka ubadilishe kwa ajili yako."

Akaondoka. Nimerudi nyuma kwenye ukurasa wa Aprili 12. Sitaufuta, nilivyoona ndivyo nilivyoona. Lakini lile neno "mwoga" sasa naliona limekaa upande.

Mei 16

Imeisha. Nitaandika nikishapumua.

Mei 19

Musoma inajua zaidi kuliko mimi. Gody amerudi kutoka mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, na habari kwamba katikati ya kunigombeza Profesa aliteleza akasema "nilikuwaga", jopo zima likaanguka kwa kicheko, na mimi nikapewa shahada hapo hapo. Kanisani, mama mmoja wa kwaya amenipongeza kwa kumliza profesa. Shuleni wanasema maprofesa walikuwa watatu, wote wakalia. Mwalimu wa Fizikia ananisalimia kwa adabu ambayo sijaizoea.

Sikukanusha kwa haraka ya kutosha. Inapendeza kuwa shujaa kwa siku mbili.

Mei 21

Basi, ilivyokuwa ni hivi.

Asubuhi kila mwanafunzi alipewa fomu mlangoni ajaze sehemu yake. Mahali pa kichwa cha tasnifu nikaandika "Matumizi", kwa herufi kubwa. Chini pana nafasi: "Maelezo ya mwanafunzi kuhusu maendeleo yake." Mwaka jana nilimwaga kurasa mbili. Safari hii niliandika neno moja, nikiijua ile kanuni ya kusoma kwa sauti. Nakiri ulikuwa utundu, na niliufurahia. Niliona namtegea Profesa mtego wa panya.

Nikaingia. Dk. Alfonce safari hii alikuwa macho. Dk. Naomi alikaa pembeni, kwa sababu msimamizi hana kura. Nikaeleza yangu: hu-, -ga, mtu na wakati. Nilipofika kwenye "Baba Grace huenda kanisani", Dk. Alfonce alicheka kweli, akaandika.

Profesa hakucheka, wala hakunigombeza. Alipanga karatasi zake, akasema: "Mwalimu, hoja ni nzuri. Kichwa nimekikuta kilekile."

"Ndiyo, Profesa."

"Unajua sharti."

"Nalijua. Niliwaahidi niliowarekodi kwamba hawatachekwa. Neno 'makosa' ndicho kicheko chenyewe, tena kimepigwa chapa."

Halafu akaongea kwa sauti ambayo si ile ya redioni.

"Mimi nilipelekwa shule ya bweni nje ya mkoa. Siku ya kwanza nilisimama kujitambulisha, nikatamka neno lenye hiyo -ga yako. Moja tu. Wakanibatiza nalo. Miaka minne niliitika kama jina langu, bwenini, mpirani, hata mwalimu wa zamu aliniita hivyo. Tangu nilipotoka pale sijalitamka. Wewe unafundisha watoto wa hapa. Unataka na wao wabatizwe?"

Sasa hapo ndipo masimulizi ya mjini yanapokosa kitu. Hakuteleza, na hakuna aliyecheka. Waliompigilia mtoto silabi kichwani miaka minne hawakuwemo chumbani, alikuwemo mtoto mwenyewe tu, sasa ana mvi.

Nikajibu, maana nilikuwa nimekwenda kujibu. "Nataka anayecheka ndiye asahihishwe, Profesa. Ninyi mliochekwa mmeshasahihishwa vya kutosha."

Lakini wakati huohuo nilikumbuka kilichokuwa kwenye fomu, chini ya mkono wake. Ule mtego wa panya. Nilitaka kunyoosha mkono niseme: samahani, kile kipengele tukiruke. Ningeweza. Nilifungua kinywa. Halafu nikaona kwamba nikilificha neno hilo sasa, kwa kumhurumia, nitakuwa nimekubali kwamba ni aibu. Nikafunga kinywa. Sijui hadi leo kama nilifanya ujasiri au ukatili. Naandika yote mawili.

Akaanza kusoma fomu. Jina. Namba ya usajili. Kichwa cha tasnifu, akalisoma "Matumizi" bila kukwama. Akafika chini, akasimama.

Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa. Dk. Alfonce akainamia karatasi kuona kuna nini. Nje watu walikuwa wanapakua mchanga, koleo linasikika.

"Maelezo ya mwanafunzi kuhusu maendeleo yake," akasoma Profesa Nyamhanga. Halafu akasoma: "Naendeleaga."

Hakulisoma kama mtu asomaye neno geni. Alilivuta kidogo mwishoni, kama tunavyolivutaga sisi. Kinywa kilijua njia. Hilo ndilo neno ambalo mji umeligeuza "nilikuwaga" na kusema liliteleza. Halikuteleza, lilikuwa langu, na alilisoma kwa sababu kanuni ni yake na hakutaka kuivunja kwa kujionea huruma. Katika vitu vyote nilivyoviona msimu huu, nampa heshima hiyo.

Halafu akaniuliza, si kama mwenyekiti: "Hapa unamaanisha ya sasa, au ya tangu zamani?"

"Ya tangu zamani, na sasa ipo. Haijakatika."

Akaandika hilo pembeni. Nilimwona akiandika. Kisha akashika kalamu muda mrefu juu ya viboksi viwili vya uamuzi, akaweka alama kwenye "Hairidhishi".

"Sharti halikutekelezwa," akasema. "Siwezi kuweka vinginevyo."

Dk. Alfonce akasaini chini yake bila kuniangalia. Ndipo Dk. Naomi akasimama. Akaweka mikono nyuma, akasema: "Naomba iandikwe kwamba msimamizi hakubaliani, na kwamba mwanafunzi atakata rufaa kwenye bodi ya chuo nami nitaiandika rufaa hiyo pamoja naye."

Profesa akamgeukia. "Sema polepole," akamwambia, "niandike kama ulivyosema." Akaandika yote, halafu, kwa kanuni yake, akayasoma kwa sauti.

Kwa hiyo sikupewa shahada. Nina "Hairidhishi" mbili, jina langu linaning'inia mpaka bodi ikae kiangazi, na mkataba wa Dk. Naomi sijui utakuwaje. Naye hajui, na juzi amenitumia kichwa cha rufaa akiuliza kama neno "matumizi" liwe kwa wino mzito. Nimemjibu: mzito kabisa.

Leo nimekwenda Butiama kumweleza Bi Wankyo kabla mji haujamfikia. Matope yamekauka, njia ina vumbi kidogo. Alikuwa anaanika udaga juu ya jiwe.

"Walinicheka?"

"Hapana, mama. Mkubwa wao alisoma kwa sauti."

"Akasomaje?"

"Kama wewe."

Akageuza vipande viwili vitatu, vile ambavyo havijapata jua. "Na wakakufukuza."

"Bado. Wanataka kunifukuza."

"Basi kaa hapo, usinikanyagie udaga." Akajifuta mikono, akajitengenezea nafasi kwenye jiwe, akasogeza kanga. "Washa hiyo simu yako. Tulikuwaga tumefika wapi?"